Walimsikiliza Chemutai

Siku ya kuniaga, vijana wa ofisi ya lishe hapa Bungoma walinipa blanketi, chupa ya chai na ombi moja: niandike jinsi kazi ilivyokuwa zamani, ili nao wajifunze. Vyeo na mshahara havina utamu wa kusimulia, kwa hivyo nitaviruka. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, yaani kumshawishi binadamu abadilishe kile anachotia mdomoni. Na kwa kuwa miaka mingi ya kazi hiyo niliifanya nikiwa na mwenzangu Emily Chemutai, itabidi niandike juu ya wivu pia. Sioni haya. Kuna watu waliosukumwa kazini na wito. Mimi nilisukumwa na Chemutai.

Tuliripoti asubuhi moja, mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika kliniki ya watoto mjini Kitale. Mimi nilitoka nyumbani Bungoma na cheti kipya cha lishe na viatu vilivyonibana. Yeye alitoka Endebess na cheti kama changu, pamoja na kibuyu cha maziwa ya mala cha kuwasalimia watu wa kazini. Kabla sijamaliza kujitambulisha, kibuyu kilikuwa kimezunguka na kuisha, na wauguzi wote walishajua jina la Chemutai. Mimi kwa muda mrefu niliitwa "yule mwingine".

Aliyetufundisha kazi ni Sista Agripina, mkuu wa kliniki, mama mfupi mwenye sauti kavu ambaye hakupenda maneno mengi. Chuo kilikuwa kimetufundisha vitamini. Yeye alitufundisha mizani. Mizani yenyewe ilikuwa ile ya kuning'iniza kwenye boriti, yenye uso wa saa na suruali ya turubai ambamo mtoto anatiwa miguu. Mvue mtoto nguo, alisema. Hakikisha mshale uko kwenye sufuri kabla hujamweka. Ngoja aache kurusha miguu. Na ukisoma, usimwangalie mama.

"Kwa nini, Sista?" nikamuuliza.

"Ukimwangalia utamwonea huruma, na huruma itaongeza uzito wa mtoto."

Alitufundisha pia kubonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba. Ukitoa kidole na shimo likabaki, hotuba yako ya lishe iweke mfukoni; mtoto huyo ni wa wodini, tena sasa hivi. Nyinyi vijana mna vifaa vizuri kuliko vyetu, lakini kidole gumba hakijapitwa na wakati.

Fahari yangu siku hizo ilikuwa ubao wa flaneli. Nilikata picha mwenyewe, nikazipaka rangi, nikazipanga kwa makundi: vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu, vya kulinda mwili. Kila Jumanne niliusimamisha mbele ya akina mama walioketi kwenye mabenchi na watoto mgongoni, nikafundisha kwa sauti ya darasani. Walisinzia kwa heshima. Mmoja tu ndiye aliyewahi kuniuliza swali, na lilikuwa kama lile yai langu la karatasi ni la kuku wa kienyeji ama wa gredi.

Chemutai hakuwa na ubao. Alikuwa na jiko la makaa, sufuria na mwiko, huko nje kwenye kibanda cha mabati. Hakuanza na makundi ya chakula. Alianza hivi:

"Jana jioni mlikula nini, akina mama?"

"Ugali."

"Kwa mboga gani?"

Wanaangaliana. Halafu mmoja anasema kwa sauti ya chini, "Kwa chai."

"Ai! Ugali kwa chai! Basi si peke yako, hata mimi juzi nilifanya hivyo, nilikuwa nimechoka kama punda." Wote wakacheka, na kabla kicheko hakijaisha alikuwa ameshawapa mboga ya managu wachambue. Wakapika, wakaonja, wakabishana kama maziwa yatiwe mwanzo ama mwisho. Harufu ilikuja hadi chini ya ubao wangu. Niliona wanangu, yaani akina mama wa upande wangu, wakiinuka mmoja mmoja, ati wanaenda kumbadilisha mtoto nepi. Hawakurudi.

Hapo ndipo wivu ulipoanza, na nitausema ulivyokuwa: ulikaa hapa, chini ya mbavu, kama kipande cha muhogo ambacho hakikushuka. Nilikuwa ninajua zaidi yake. Kwenye mitihani nilimpita. Na bado mama akitoka vijiji vya Saboti ama Kwanza huko na mtoto anayekonda, alifika mlangoni akauliza, "Madam Chemutai yuko?" Nikimwambia niko mimi, alisema atangoja.

Sasa niwaeleze juu ya mtoto Wekesa, kwa sababu hakuna kisa kilichonifunza kazi kama hicho.

Mamake alimleta siku ya kupima uzito. Alikuwa amezidi miaka miwili, mashavu yamejaa, nywele zimekuwa nyepesi na nyekundu, na alikaa pajani bila kulia wala kutazama chochote. Wenzangu walimwona mnene wakampitisha. Mimi nilimshika mguu, nikabonyeza. Shimo likabaki.

"Mama, huyu mtoto ni mgonjwa," nikasema.

"Mgonjwa? Si unaona vile amenona?"

"Hajanona. Hayo ni maji."

Alilazwa siku hiyo. Alipotoka wodini, kazi ya kumfuatilia nyumbani ilikuwa yangu. Walikaa upande wa kwenda Endebess, na wakati wa mvua baiskeli ilinibeba nusu ya njia, nusu nyingine mimi niliibeba. Nilipofika mara ya kwanza nilisimama uani nikashangaa. Ghala lilikuwa limejaa mahindi mpaka mlango haufungi. Ng'ombe wa gredi wawili. Kuku kila mahali. Wageni husema njaa ni ya mahali pakavu. Mimi nimeiona hapo Trans-Nzoia, wilaya ya mvua na mahindi, imekaa kando ya ghala.

Babake Wekesa, Barasa, alikuwa mkulima mwenye bidii na mwenye kujua kwamba ana bidii.

"Madam, angalia hiyo ghala," aliniambia. "Mtoto wangu anaweza kukosa chakula namna gani?"

"Mahindi yapo, Baba Wekesa. Lakini maziwa yote yanapanda lori asubuhi. Mayai yanaenda soko. Maharagwe yamefungwa kwa gunia, yanangoja bei. Mtoto anabaki na ugali na chai ya rangi."

"Na mkate je? Kila jioni mimi huleta mkate."

"Mkate ni kama ugali tu, mzee. Umebadilisha nguo."

Hakucheka. "Wewe umekuja kunifundisha boma yangu?"

"Nimekuja kumwona Wekesa."

Nilirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Nilimfundisha mamake kukaanga njugu kidogo tu, kuzitwanga mpaka zilainike, na kuzitia kwenye uji ukiwa karibu kuiva, kwa sababu ukizitia mapema zinashika chini. Nilimfundisha kupiga yai na kulikoroga kwenye uji wa moto. Nilibishana na Barasa juu ya kikombe kimoja cha maziwa kama wakili mahakamani. Mwanzo alikataa. Halafu alikubali nusu kikombe. Siku moja nikakuta anamnywesha mtoto mwenyewe, kikombe kimejaa, akaniangalia kama ananiambia nithubutu kusema kitu. Sikuthubutu.

Chemutai alinisindikiza huko mara mbili tu. Mara ya kwanza alimbeba Wekesa mgongoni akamfanyia mzaha mpaka mtoto akatoa tabasamu, la kwanza ambalo yeyote aliliona tangu augue. Mara ya pili alizungumza na Barasa juu ya kupe na dawa ya kuogesha ng'ombe, akala ugali, akaenda zake.

Wekesa akapona. Akawa mtoto wa kukimbiza kuku. Mwaka uliofuata mamake akaja kliniki na msichana mchanga, uso umejaa furaha.

"Tumempa jina la yule madam aliyetusaidia," akasema.

Nilinyoosha mgongo. Nilishatayarisha hata maneno ya kushukuru.

"Anaitwa Chemutai."

Hebu fikirieni. Barasa, Mbukusu wa kutahiriwa mtoni, amempa bintiye jina la Kisabaoti, la watu wa mlimani. Jina langu mimi ni Rose Nafula, na Nafula ni jina la kwao kabisa, jina la msichana aliyezaliwa wakati wa mvua. Na siku aliyozaliwa huyo mtoto ilikuwa ya mvua! Mamake mwenyewe aliniambia walimbeba kwenda hospitali chini ya turubai.

Nilikwenda kwa Sista Agripina nikamweleza, nikijifanya ni jambo la kuchekesha. Alikuwa anakunywa chai. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yule mvulana ana kilo ngapi sasa?"

Nikamwambia.

"Basi," akasema, akarudia chai yake.

Najua alichomaanisha. Nilikuwa nakijua hata kabla hajasema. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kulala usingizi ni kingine.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nikahamishwa Bungoma, na sitawaficha: nilifunga mizigo nikiimba. Nilikuwa narudi nyumbani karibu na mama yangu, na nilikuwa namwacha Chemutai milimani na sufuria yake. Kazi ya huku nayo ilikuwa imeanza kubadilika. Watoto wa miguu iliyovimba walikuwa bado wanakuja, lakini sasa nyuma yao walikuja wazazi: walimu, makarani, wachuuzi wa sokoni, watu wa presha na sukari. Mtu alipopata mshahara alihama kutoka ugali wa wimbi kwenda mkate mweupe, kutoka mboga ya mrenda kwenda nyama ya kukaanga, na soda ikawa maji ya kumkaribisha mgeni. Kumwambia masikini aongeze kitu kwenye sahani ni rahisi. Jaribuni kumwambia aliyeepuka umasikini jana apunguze.

Na mgumu kuliko wote alikuwa mama yangu mzazi, Mama Selina.

Alikuwa mjane, mama wa kanisa, na chai yake ilisifiwa na kila mchungaji aliyepita. Ilikuwa tamu hivi kwamba midomo ilishikana. Alipogunduliwa kuwa na ugonjwa wa sukari, mimi ndiye niliyempeleka, mimi ndiye niliyeelezwa, na nilirudi nyumbani nimeamua: kama nimeokoa watoto wa watu, nitashindwaje na mama yangu?

Nilishindwa. Niliondoa sukari nyumbani, akaificha kwenye pipa la mawele. Nilimpikia chakula chake peke yake, akampa jirani. Nilimchorea sahani kwenye karatasi nikaibandika ukutani: nusu mboga, ugali kipande kidogo, maharagwe hapa. Akaisifu picha yangu kwa wageni, akinywa chai. Nikimsema, alinimiminia kikombe na mimi.

Halafu akajikwaa kwenye jembe, akapata kidonda mguuni. Kidonda kikakataa kupona. Kikaanza kutoa harufu. Daktari akaniita pembeni, akaniambia bila kuzunguka kwamba sukari isiposhuka, mguu utakatwa, na kwa umri wake hana hakika kama atapona hata ukikatwa. Nilimweleza mama. Nililia nikimweleza. Aliniambia nikapumzike, nimekonda.

Ni wakati huohuo Chemutai alipotokea ofisini kwetu. Mumewe, mwalimu, alikuwa amepata shule huku, naye akaomba uhamisho. Aliingia akicheka, akanikumbatia, na wiki haikuisha kabla watu hawajaanza kuuliza, "Madam Chemutai yuko?"

Alisikia habari za mama. Jumamosi moja akaniambia, "Nafula, twende nikamsalimie." Nilitaka kukataa. Nilikuwa na sababu tayari. Lakini nilikumbuka harufu ya kile kidonda nikasema twende.

Tulipofika, mama aliita soda iletwe. Chemutai akasema, "Mama, soda nimekunywa mjini mpaka nimechoka. Mimi nimekuja kutoka mlimani, na nasikia Wabukusu mnajua kupika mboga kutushinda. Sasa mimi siamini hiyo."

Mama akamtazama. "Huamini?"

"Siamini, Mama. Nipikie vile ulikuwa unapika ukiwa msichana, nione."

Mama yangu, ambaye kwa wiki kadhaa hakuinuka ila kwenda choo, aliinuka. Alichechemea hadi bustani na Chemutai nyuma yake na kikapu. Walichuma mrenda, kunde, na mboga ya saka ambayo hata sikujua bado inaota pale. Alichuja majivu ya maganda ya maharagwe kupata ile chumvi ya kienyeji, akapika polepole, akakoroga, akaeleza kila hatua kama mwalimu. Akasonga ugali wa wimbi, mdogo, mweusi. Wakala pamoja, mboga nyingi na ugali kidogo, kwa sababu hivyo ndivyo walivyokula zamani. Chai ilipokuja, Chemutai alisema tu, "Mimi yangu bila sukari, Mama, mimi pia nimeanza kujihurumia." Na mama akasema, "Basi weka zote hivyo."

Basi weka zote hivyo! Mimi niliomba sentensi hiyo kwa machozi mwaka mzima. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko la mama yangu, jiko nililozaliwa karibu nalo, na hakuna aliyeniambia nikae.

Chemutai alikuja tena Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Aliongea naye juu ya vidonge bila kumhesabia. Alimfundisha kuukagua mguu kila asubuhi kwa kioo kidogo, na mama akaona ni jambo la kujipamba. Sukari ilishuka. Kidonda kikaacha kunuka, kikakauka pembeni, kikafunga. Daktari alinipongeza mimi. Mama alimwita Chemutai "mwanangu". Mimi alinitambulisha kwa wageni kama "yule wangu wa hospitali".

Nilifurahi kwa mguu wa mama. Na nilikuwa na wivu mpaka sufuria moja niliiosha mara mbili. Viwili hivyo vilikaa ndani yangu kwa wakati mmoja, na hakuna kilichomfukuza mwenzake.

Siku moja sikuvumilia. Tulikuwa tunachambua maharagwe, mimi na mama.

"Mayi," nikasema, "mbona mimi hukunisikiza? Mimi nilikuambia mambo yaleyale."

Hakushtuka. Nadhani alikuwa anangoja.

"Wewe ukinikataza sukari, Rose, mimi nasikia mtoto wangu ananiambia nitakufa. Macho yako yalikuwa yamenizika tayari. Ningemeza namna gani? Chemutai akiniambia, nasikia tu mtu wa serikali."

"Lakini mimi ndiye mtoto wako."

"Ndiyo hiyo shida." Akatupa haragwe bovu nje. "Sasa wewe ulitaka upendwe ama ulitaka nipone?"

"Nilitaka vyote viwili, Mayi."

"Ah," akasema. "Hiyo ni nyingi."

Vijana, kama mnataka fundisho, hilo hapo, na mlichukue bila malipo: mgonjwa akiwa mamako, tafuta mwenzako aende. Usijivunie cheti mbele ya aliyekuosha.

Ningeweza kumaliza hapo, lakini nitakuwa nimewanyima kipande nikipendacho.

Miaka michache baadaye Chemutai alikuja mezani kwangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa anacheka. Babake, Mzee Ndiwa, alikuwa amepatikana na presha ya juu sana huko Endebess. Nusu ya uso ilikuwa imelegea, kisha ikarudi. Daktari alimwonya: chumvi na mafuta, ama mara nyingine haitarudi. Mzee alikuwa hasikii. Nyama ya mbuzi yenye mafuta, na bakuli la chumvi kando yake la kuchovya.

"Nimeongea mpaka sauti imekauka," Chemutai akasema. "Nimempikia. Nimemfanyia mzaha. Ananiambia, 'Wewe nilikufundisha kutembea.' Nafula, tafadhali."

Nilikwenda. Nilimkuta mzee mrefu aliyekaa wima kwenye kiti, kofia kichwani, hana haja ya mzaha wa mtu. Mimi sijui mzaha. Nilimwambia kwa sauti yangu ya darasani mambo yalivyo: chumvi inafanya nini kwa mishipa, mafuta yanafanya nini, mshipa wa kichwani ukipasuka mtu anabaki vipi. Nilimpangia sahani mezani kwa vitu vilivyokuwepo, hapa mboga, hapa nyama isiyo na mafuta, kipande hiki na si zaidi, maziwa haya yaliyoenguliwa. Sikumbembeleza. Aliuliza maswali, tena mazuri, nami nikajibu yote. Mwisho akasukuma bakuli la chumvi mpaka ukingoni mwa meza.

"Huyu mama anajua kazi," akamwambia bintiye. "Anaongea kitu kinaeleweka. Kwa nini wewe hukunieleza hivi? Unakuja hapa kila wiki na kelele na kucheka. Leo ndiyo nimesikia. Mletee kiti kizuri. Mwekee chakula."

Chemutai aliniletea kiti. Akaniletea sahani: managu ya maziwa, ugali kidogo, nyama bila mafuta, bila chumvi. Kisha akasimama mlangoni mwa jiko la baba yake, mikono imefumbatwa, akinitazama nikizungumza na mzee. Alikuwa anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limekwama midomoni, na kidevu kilikuwa kimekaza. Uso ule niliujua vizuri. Niliuvaa miaka mingi.

"Karibu ule, Emily," nikamwambia.

"Nimeshiba," akasema.

Nikala polepole. Sijawahi kula chakula kisicho na chumvi kilichokuwa kitamu vile.